Maneno ya Mwalimu Ukutani

Idda aliacha kusikia akiwa darasa la nne, baada ya homa ya uti wa mgongo iliyomlaza wodini wiki tano. Alirudi shuleni Makambako, alikokuwa akiishi kwa shangazi yake, akiongea vizuri kama zamani, ila hata kengele haisikii. Kwa miaka miwili alinakili daftari la jirani yake, na makosa yake akayanakili pia.

Mwalimu Aneth wa sayansi ndiye aliyeleta projekta. Aliiunganisha na simu yake, akabana kipaza sauti kidogo kwenye kola ya sweta. Kila alichosema, simu ilikiandika na maneno yakatokea ukutani.

Siku ya kwanza ukuta uliandika vioja na watoto wakacheka hadi machozi. Aneth akagundua simu haina kosa. Yeye ndiye aliyekuwa akimeza maneno huku ameelekea ubaoni, na watoto walijibu wote kwa mkupuo. Akajizoeza kuongea akiwatazama, nao wakajifunza kusema mmoja mmoja. Haukupita mwezi, hata wa madawati ya nyuma, ambao kelele za malori ya barabara kuu ziliwazibia kila kipindi, wakawa wanaandika wenyewe.

Hapo ndipo Efraimu, baba yake Idda, alipofika kutoka Wanging'ombe.

"Mwalimu, nimekuja kumchukua. Mtoto anakaa darasani kama gunia. Afadhali anisaidie viazi."

"Mzee, kaa kipindi kimoja tu," Aneth alisema. "Kikiisha, uamue."

Efraimu akaketi nyuma, kofia magotini. Somo lilikuwa mzunguko wa damu. Katikati ya maelezo, Idda akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Umesema damu ya kutoka mapafuni inaingia upande wa kulia wa moyo. Jana ulisema kushoto."

Darasa zima likageukia ukuta. Neno lilikuwa pale pale: kulia.

"Ni kushoto, nimekosea," Aneth alisema, akicheka. "Wote mmeniacha nipotee, Idda peke yake kanirudisha njiani!"

Idda aliyasoma hayo ukutani, akainama kuficha tabasamu.

Kipindi kilipoisha, Aneth akamkabidhi Efraimu kile kipaza sauti. Tangu binti augue, baba huyu alikuwa akizungumza naye kwa ishara tu: njoo, kula, lala. Akakohoa.

"Idda, mwanangu. Nimekuona leo. Mimi narudi na viazi vyangu. Wewe soma."

Maneno yakajipanga ukutani. Idda akayasoma mara mbili.

"Asante, baba. Msalimie mama. Mwambie nasoma."

Efraimu aliitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake akatoka. Getini akasimama kwa mlinzi, ambaye hakuwa amemuuliza lolote.

"Leo kuna mtoto kamsahihisha mwalimu mbele ya darasa zima," alimwambia. "Ni wangu yule. Nimemzaa mimi."