Damu Ilianza Lini?

Wakati wa vita, mwanamke wa Kindu akitokwa damu isiyo ya hedhi, watu walikuwa na jibu moja tu: askari wamemshika kwa nguvu. Mama yangu alikuwa amekoma hedhi miaka saba, damu ikarudi. Aliapa kwamba hakuna aliyemgusa. Baba hakutaka kusikia. Alifunga mizigo akaenda Kalima. Majirani wakaacha kula naye. Mama akawa anafua vitambaa vyake peke yake mtoni, miaka miwili, mpaka akafa.

Mwezi uliopita mimi, Emerance, mjane wa miaka hamsini na nane, niliona damu kwenye kitenge changu. Asubuhi nikaenda hospitali. Sikuwa na wa kunisindikiza.

"Damu ilianza lini, mama?" dokta akauliza.

"Jana."

Leo majibu yametoka. Ni kansa ya mlango wa kizazi, lakini ingali ndogo, wataikata, nitapona. "Umewahi, mama," dokta alisema, akashangaa kuniona nalia.

Damu ilianza lini? Maneno matatu! Mama aliyangoja miaka miwili, na mimi nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, nisimuulize.