Kiti cha Nyuma cha Gari la Kijivu

Wanaume wakichagua gari huangalia mambo ya ajabu. Mume wangu Warfa aliangalia viti. Tajiri yake, Bwana Noordin, aliangalia petroli. Mimi hakuna aliyeniuliza, na hilo lilinikera, kwa sababu mwenye kukaa nyumbani akisubiri gari lirudi nilikuwa mimi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nasi tunakaa Garissa. Warfa alikuwa mnunuzi wa ngozi wa Noordin. Kila mwezi alizunguka Wajir, Buna, hadi Takaba, kisha akarudi amejikunja kiuno, hawezi hata kumwinua mtoto. Lori bovu la kampuni ndilo lililomfanya hivyo. Jioni nilimkanda mgongo kwa samli ya moto, yeye anaguna, mimi namfikiria Abdille.

Abdille alikuwa mnunuzi kabla yake. Kiangazi kimoja gari lilimfia njiani upande wa Wajir. Walimkuta amelala chini ya injini, amekwisha kunywa hata maji ya kutu yaliyokuwa kwenye rejeta. Watu wakasema ni kudura ya Mungu, nami sikatai. Lakini nilikwenda msibani nikakaa karibu na mjane wake, nikamwona anavyoshtuka kila injini ikinguruma barabarani. Tangu siku ile Warfa akichelewa kidogo tu, huacha chakula nikaenda kusimama mlangoni.

Basi lori lilipozeeka kabisa, Noordin akaamua kampuni inunue gari dogo la kumzungusha mnunuzi, ngozi zifuate baadaye kwa malori ya kukodi. Alitaka gari lisilokula petroli, maana petroli ya kwetu ilifika kwa mapipa kutoka mbali na bei yake ilikuwa ya kuumiza. Akaletewa magari mawili yaliyotumika, achague moja. Moja lilikuwa la kijani, jembamba, halinywi kitu, ila viti vyake vigumu na kila shimo unalihisi kwenye meno. La pili lilikuwa la kijivu, pana, na viti vyake vilikuwa laini, hasa cha nyuma, ambacho Warfa alipokikalia mara ya kwanza alifumba macho. Tatizo la kijivu, kila mtu alisema, ni kiu yake ya petroli.

Noordin akaweka sharti. Kila gari litakwenda Wajir na kurudi na tangi lililojaa, kisha kitakachobaki kipimwe. Akaongeza, kwa sababu si mtu mbaya, kwamba kijivu likizidi kunywa kidogo tu atalichukua, kwa ajili ya mgongo wa Warfa. Likizidi sana, basi ni kijani.

Warfa alianza na kijani. Lilirudi na petroli nyingi, na yeye akateremka kama mzee, mkono mmoja umeshika mlango. Usiku ule hakuweza kulala chali wala ubavu. Akaniambia, "Anab, wakinipa hili, mwaka hauishi nitakuwa nimeacha kazi."

"Basi hakikisha wanakupa lile lingine," nikamjibu. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Kisha nikamweleza jambo la kwetu Buna. Sisi nyumba yetu hubebwa na ngamia, na anayepakia ni mwanamke. Kwa hiyo baba yangu hakununua ngamia wa mzigo kabla mama hajampakia kwanza fito, mikeka, vyombo vya maji, na mtoto juu yake. Ngamia asiye na mzigo ni mzuri siku zote. Uzuri wake wa kweli unauona anaponyanyuka amebeba.

"Niachie nilipakie hilo gari lako," nikamwambia.

Alicheka mpaka mgongo ukamuuma. "Unataka kulifunga mikeka?"

"Nataka kulifunga maji."

Na nililifunga. Jioni alipokuja na gari la kijivu nyumbani, nilisimamisha pipa dogo juu ya kile kiti laini, nikalijaza debe baada ya debe, nikafunika, nikalikaza kwa kamba yangu mwenyewe iliyopita mlango hadi mlango. Lile fundo nililifundishwa na mama, na halilegei. Warfa alilalamika kwamba kiti kitalowa. Akasema gari litakuwa zito. Nikamwambia Abdille naye alikuwa na gari jepesi lisilo na maji, akaingia ndani.

Aliondoka alfajiri. Alikuwa apitie kwa Noordin kujaziwa petroli, afike Wajir mchana, arudi kesho yake kabla ya adhuhuri.

Adhuhuri ya kesho yake ikapita. Nilijiambia labda amekutana na watu. Nikajiambia labda Wajir walimkalisha kwa chai. Kisha nikajikuta nimemwaga maziwa mara mbili mahali pamoja, nikavaa shuka langu nikaenda kwenye ua wa kampuni kuuliza. Noordin alikuwa ofisini na karani, wakapeleka mtu polisi. Nikashindwa kukaa. Nikazunguka nyuma ya ghala la ngozi, mahali penye kivuli, ili nitembeetembee tu.

Pipa langu lilikuwa pale.

Lilikuwa limejaa hadi juu. Kamba yangu ilikuwa imekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya kifuniko, vile mtu anavyoweka kitu anachotaka kukirudisha kwa mwenyewe bila ugomvi. Nilikaa chini kwenye vumbi. Nilielewa mara moja. Alitaka gari liwe jepesi ili linywe petroli kidogo. Vibarua wa ngozi wakakiri kwamba asubuhi ya jana, Noordin alipoingia ndani, Warfa aliwaomba wamsaidie kulishusha, na yeye mwenyewe alishika upande mmoja. Mgongo ulioshindwa kumwinua mtoto ulishusha pipa la maji.

Nilimwita Noordin, naye akaja. Hakuuliza pipa ni la nani.

Lori la polisi lilikuwa limekwenda upande wa Bura. Wachungaji wote walikuwa wameshukia mtoni kwa sababu ya kiangazi, kwa hiyo njiani kusingekuwa na mtu. Lilibaki gari la kijani.

"Nitaendesha mwenyewe," Noordin akasema. Kisha akaniangalia, akasita. "Lakini wewe na mimi peke yetu, dada Anab, watu watasema."

"Watasema nikiwa njiani. Nitamchukua mama yake Warfa."

Mama mkwe wangu Abshiro alikuwa hajapanda gari maishani. Nilipomweleza hakupiga kelele. Alichukua kibuyu cha maziwa na kitambaa safi, akapanda mbele kando ya Noordin akiwa ameshika tasbihi. Vibarua walipandisha pipa nyuma, nami nikakaa nimelikumbatia, maana lile gari halikuwa na nafasi ya kulifunga.

Sitaisahau safari ile. Noordin aliendesha kama mtu aliyezoea meza, anaona shimo akiwa amekwisha kuliingia. Kila tuliporuka, magurudumu ya nyuma yalisugua bati kwa sababu ya uzito wa pipa, na maji yalinirukia kifuani. Nilikuwa nikiyafuta kwa kiganja na kuyarudisha ndani. Najua ni upuuzi, lakini sikuweza kuona hata tone linapotea.

"Wewe Noordin," mama mkwe akasema kwa Kiswahili chake, "bolebole. Shimo moja ingia, ingine bitia kando."

"Ndiyo, mama."

"Na hii gari nasema nini huko nyuma?"

"Ni mzigo, mama. Inasugua."

"Basi si gari ya mzigo."

Noordin alipunguza mwendo. Baadaye kidogo akasema, akizungumza na kioo zaidi kuliko na sisi, "Ningemwambia tu achukue la kijivu. Ningemwambia tu." Nilikuwa na mengi ya kumjibu, nikayameza, kwa sababu usukani ulikuwa mikononi mwake na nilitaka atazame barabara.

Jua lilikuwa limeanza kuinama tulipoliona. Gari la kijivu lilikuwa limesimama katikati ya njia, bado limeelekea Wajir, boneti wazi, na hapakuwa na mtu nje. Nilitafuta nyayo mchangani. Zilikuwapo. Zilitoka kwenye gari zikaenda mbele, nikazifuata mbio, maana anayeacha gari akatembea kiangazi kwa kawaida hukutwa akiwa maiti. Kisha nikaona kwamba nyayo zilizunguka kichaka zikarudi. Zilizorudi zilikuwa zikiburuta.

Alikuwa ndani, amelala kwenye kiti cha nyuma, mahali pale pale nilipokuwa nimefunga pipa. Midomo ilikuwa imepasuka na ulimi umevimba. Macho yalikuwa wazi kidogo lakini hayakunifuata. Nilimwita jina lake, nikaona kidole kinasogea.

Nilitaka kumwagia maji yote mdomoni. Mama mkwe alinisukuma kando kwa kiwiko. Alilowesha kitambaa, akampaka midomo, akasubiri, akamkamulia tone, akasubiri tena, huku akimsomea. Mwenye kiu ya namna ile akinywa kwa pupa hufa akiwa na kata mkononi, na yeye alikuwa ameyaona hayo. Nilikaa nimeshika miguu ya mume wangu, na sikuweza kufanya lolote jingine.

Noordin alichungulia injini. Alirudi na uso wa mtu aliyeona jambo asilotaka kulisema. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka na maji yote yalikuwa yamemwagika mchangani. Lakini Warfa alikuwa amekwisha kuuziba. Aliukata mpira wa ndani wa gurudumu la akiba, akauviringisha, akaukaza kwa waya, kazi safi kabisa. Gari lilikuwa zima tangu jana. Lilikosa maji tu ya kuondokea.

Kitambaa kilikuwa kimeloweshwa mara nyingi ndipo koo lake lilipomeza. Alimwona mama yake, akaniona mimi, akamwona Noordin amesimama mlangoni. Akajaribu kusema. Tukainama wote.

"Petroli," akasema. "Imebaki nyingi."

Noordin aligeuka akaenda nyuma ya gari lile la kijani akakaa huko. Nilimsikia akilia, nami sikumhurumia, bado.

Tuliijaza rejeta ya gari la kijivu kwa maji ya pipa. Kisha nilipakia. Hakuna aliyeniambia la kufanya. Nilimweka Warfa ameegemea kona, nikasimamisha pipa kati ya magoti yangu, nikalifunga kwa kamba ile ile, mama mkwe akapanda mbele na kibuyu chake. Gari lilishuka kidogo nyuma. Noordin alipokanyaga, likanyanyuka likaondoka, halikusugua popote. La kijani tuliliacha pale peke yake.

Warfa alilala siku kadhaa. Mimi nilimnywesha, nikamlisha, nikamkanda, na sikumsemesha. Siku alipoweza kukaa akaniambia, "Nilitaka tu niwe narudi bila maumivu, Anab."

"Mimi nilitaka urudi tu," nikasema. Nikatoka nje, kwa sababu nilikuwa karibu kumpiga na kumkumbatia na sikujua kipi kingetangulia.

Noordin alikuja kumjulia hali. Alikunywa chai, akazungukazunguka maneno, hatimaye akaniuliza mimi, mbele ya mume wangu, kampuni ichukue gari lipi.

"La kijivu."

"Linakunywa," akasema kwa mazoea, na hapo hapo akainamisha kichwa.

"Linywe. Lakini king'oeni kile kiti cha nyuma, na mahali pake fundi afunge pipa kwa chuma na nati, pipa ambalo mtu hawezi kulishusha akiwa na haraka. Na lisitoke uani kabla mimi sijalijaza."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila mara Warfa anapoondoka kwenda Wajir, Buna na Takaba, ninasimama na debe langu nyuma ya gari mpaka maji yafike mdomoni mwa pipa. Yeye hukaa mbele kwenye kiti chake laini akinisubiri, wala halalamiki tena kuhusu uzito.

Kiti kile cha nyuma Noordin alituletea nyumbani. Kipo ukutani, karibu na mlango unaotazama barabara. Wageni hukisifu, wanasema hawajawahi kukalia kitu kizuri hivyo. Mimi hukikalia Warfa akiwa safarini. Ni laini kweli, na sijawahi kupata usingizi juu yake.