Neno la Chumba cha Uzazi

Mtaani walimwita Redio, naye aliitika bila kinyongo. Ukipita mbele ya saluni yake asubuhi jicho limevimba, ikifika mchana watu wameshajua uligombana na nani. Na kama hukugombana na mtu, basi utatafutiwa wa kugombana naye. Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu ukutani, viti vitatu, benchi la wanaosubiri zamu, na benchi jingine la wasiosubiri chochote, waliokuja tu kujaza masikio.

Ila mikono ya saluni ilikuwa ya wifi yake. Huyu aliolewa na mdogo wake Redio, dereva wa malori ambaye nyumbani alionekana kama mgeni. Wifi huyo alikuwa kiziwi tangu utotoni, na kwa jinsi alivyosuka upesi na kuongea kwa ishara upesi zaidi, watu wakampa jina la Vidole. Mteja aliketi akitazama kioo, Vidole akasimama nyuma yake, na mazungumzo yakapita humo humo kiooni. Wateja walianza na yale ya lazima: inauma, taratibu, legeza hapa. Kisha wakaonja utamu. Wakajifunza "muongo huyo," wakajifunza "umepata ya jirani?", wakajifunza "usiseme nimekwambia mimi." Mwaka wa pili haujaisha, mabenchi yote mawili yalikuwa yanasengenya kwa mikono, na hata fundi viatu wa pale nje, mwanaume mzima na ndevu zake, alikuwa hapiti mlangoni bila kutupa neno.

Redio alitembea kifua mbele. "Kwangu hapa," alisema, "hata asiyesikia hapitwi."

Ndiyo maana siku ile Vidole alipoacha kusuka, mimba ikiwa ya miezi minane, akamgeukia na kumwambia kwamba hatakwenda kujifungulia zahanati, Redio alidhani hakuelewa.

"Rudia, wifi."

Vidole akarudia polepole, kama anayemfundisha mtoto. Nitazaa nyumbani. Chumba cha nyuma. Wewe ndiye utanishika.

"Mimi? Mimi nikiona kuku anachinjwa tu nguvu zinaniisha!"

Benchi likacheka. Vidole hakucheka. Akashika tumbo kwa kiganja kimoja, na kwa kingine akasema neno moja tu: safari hii huyu simpotezi.

Redio alilijua neno hilo lilikotoka. Miaka mitatu nyuma alikuwa amesimama nje ya dirisha la zahanati, wifi yake akiwa ndani kwa uzazi wa kwanza. Alisikia wauguzi wakipiga kelele: "Usisukume! Mama, usisukume!" Kichwa cha mtoto kimetoka, kitovu kimemzonga shingoni, mama anasukuma kwa nguvu zake zote. Redio naye, kule nje, akapayuka "usisukume" pamoja nao, kana kwamba kuongeza sauti kungesaidia. Mtoto alitoka mzima kwa umbo, wa kiume, hakulia kamwe. Tangu siku ile, yeye aliyekuwa na la kusema juu ya kila mtu hakuwahi kumuuliza wifi yake swali hata moja kuhusu uzazi ule.

Akavua aproni. "Inukeni," akawaambia wateja.

"Twende wapi? Mimi nimesukwa nusu!"

"Nusu hiyo hiyo. Inuka."

Wakaingia zahanati wanawake tisa, wengine nywele zimesimama upande mmoja kama wameshtuliwa, na fundi viatu nyuma yao na kiatu cha mtu mkononi. Sista Mkuu, mwanamke mrefu mwenye miwani juu ya paji la uso, ambaye nusu ya watoto wa mtaa walianguka kwenye mikono yake, aliwatazama juu hadi chini.

"Kuna nini? Saluni imeungua?"

"Sista, wifi yangu yuko karibu kujifungua. Tunaomba siku yake aingie mtu wa kuongea naye."

"Chumba changu kina vitanda viwili na ndoo. Ndugu hawaingii. Na wewe, Redio, nikikuingiza mle, mtoto atatoka anajua nani kaachika na nani kaolewa."

Kila mtu akacheka, Redio wa kwanza. Lakini hakuondoka.

"Basi wauguzi wajifunze. Maneno kumi tu, Sista. Sukuma, acha, pumua, geuka."

"Wafundishwe na nani?"

"Na sisi."

 Sista Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. "Mimi siwapi wauguzi wangu neno ambalo sijui kama ni lenyewe. Likikosewa mle ndani, anayelipa si mimi wala wewe. Nileteeni mtaalamu awapime. Akisema mnajua, mtaingia na mtafundisha."

Redio hakulaza damu. Akamtafuta mwalimu wa shule ya viziwi, ile ile aliyosoma Vidole, na wiki iliyofuata mwalimu akafika na mkoba wake begani. Ukumbi wa kusubiria ukajaa. Wagonjwa waliotakiwa kurudi nyumbani na dawa zao wakakumbuka ghafla kwamba miguu inauma, wakakaa.

Kipimo kilikuwa rahisi: mwalimu anasema jambo kwa mdomo, mtu wa saluni analipeleka kwa Vidole kwa ishara, Vidole anafanya. Vuta pumzi. Akavuta. Lala ubavu. Akainamisha kichwa upande. Unaumwa wapi? Akaonyesha. Wakapita mmoja mmoja, hata fundi viatu, jasho likimtoka kama yeye ndiye mjamzito. Redio akaanza kuonja ushindi. Ndipo akaona mwalimu ameacha kumtazama Vidole, anawatazama wao, mikono yao, na mabega yake yanatikisika kwa kicheko.

"Samahani," mwalimu akasema akifuta macho. "Hivi vidole viwili vya mwisho, mbona mnavikunja?"

Wakatazama mikono yao.

"Ndivyo inavyosemwa," fundi viatu akajibu.

"Neno lipi?"

"Yote."

"Mwalimu," Redio akaingilia, sauti ya mwenye nyumba, "labda huko shule mmeanza kuzembea. Sisi tumejifunza kwa mwenyewe."

Mwalimu akamgeukia Vidole, akamuuliza kwa ishara. Vidole akainamisha uso, akang'ata mdomo. Kisha akachomoa kitana mfukoni, akakibana kwa vidole viwili vya mwisho, hivyo hivyo alivyokibana kutwa nzima kwa miaka yote ile ili vitatu vibaki huru kuongea. Akasema sentensi moja, kitana kikiwa hapo. Akakiweka chini, akairudia, mkono wazi.

Ukumbi mzima ukaona. Walikuwa wamejifunza lugha pamoja na kitana.

Kikapasuka kicheko cha kuvunja mbavu. Mama mmoja akajipiga paja: "Nami nimewafundisha wajukuu!" Redio angecheka pia, ila jicho lake lilikuwa kwa Sista Mkuu, na Sista Mkuu hakuwa anacheka.

"Kwa hiyo wamekosea," akasema.

"Wana lafudhi," mwalimu akajibu. "Anawaelewa vizuri sana."

"Lafudhi? Mwalimu, mimi nimeshika kichwa cha mtoto wa watu, wewe unaniletea lafudhi." Akafunga daftari. "Nawashukuru kwa kufika."

  Maneno yote ya Redio, yaliyomlisha na kumtia matatani maisha yake yote, yalikuwa yamemkimbia.

Vidole akasimama. Alipoanza kuongea kwa mikono, mwalimu akamfuatisha kwa sauti.

"Nilijua toka mwanzo kwamba wanakunja vidole. Sikuwasahihisha. Shuleni tuliongea hivi kwa sababu sote tulikuwa viziwi. Hawa wanasikia, hawakulazimika kujifunza kuongea na mimi. Wakanitazama mikono mpaka wakachukua na kitana changu. Wewe Sista, nani amewahi kukutazama namna hiyo?"

Akafungua mkoba wake mwenyewe, akatoa kadi yake ya kliniki, ya zamani, pembe zimelegea. Akampa. Sista Mkuu akashusha miwani kutoka kwenye paji hadi machoni. Chini ya kadi palikuwa na mstari mmoja, wino wa bluu: Mama hafuati maelekezo.

"Mwandiko wangu huu," akasema taratibu.

"Mlikuwa watatu," sauti ya mwalimu ikaendelea, sasa haina mzaha hata chembe. "Niliona midomo mitatu inafunguka na kufunga, inafunguka na kufunga. Nikadhani mnaniambia niongeze nguvu. Nikaongeza."

  Redio aliyapitia matukio mengi ya mtaa ule, ndoa na misiba na ngumi za hadharani, na yote aliyasimulia kwa kuyatia chumvi. Hili alijua hatalitia kitu.

Sista Mkuu akazunguka meza. Akasimama mbele ya Vidole, akainua mikono yake miwili, ile iliyopokea watoto wasio na idadi, nayo ikaning'inia hewani bila kujua ianzie wapi.

"'Usisukume,'" akasema kwa sauti ya chini. "Linasemwaje?"

Vidole akamwonyesha. Sista akajaribu, akakosea. Vidole akamshika vifundo vya mikono, akamweka sawa.

Wiki tatu zilizofuata, wanawake wa saluni waliketi zamu kwa zamu zahanati, na mwalimu akaja mara mbili kuwanyoosha. Mchora mabango akachora mikono ukutani mle chumbani, neno kwa neno. Dirisha la dawa likaacha kuita majina kwa kelele. Kila mtu akapewa kibao chenye namba, na namba ikainuliwa juu aione. Wazee waliopungua masikio wakawa wa kwanza kushukuru, wakidai wao ndio walioomba.

Uchungu ulimshika Vidole asubuhi, saa tatu, kitana kikiwa katikati ya kichwa cha mteja.

Sista Mkuu alimruhusu Redio kuingia kwa sharti moja. "Mdomo uache nje."

Redio akauacha. Akasimama kichwani pa wifi yake, mgongo ukutani, akisubiri zile kelele anazozijua. Hazikuja. Wauguzi walizunguka kitanda, na kila walichotaka walikisema kwa mikono, wakiwa mbele ya macho ya mama. Pumua. Pumzika. Sasa, sukuma. Chumba kilikuwa na pumzi tu na mlio wa viatu sakafuni. Redio, mzaliwa wa makelele, alihisi kama ameingia mahali pa kuvua viatu.

Kichwa kikatokea. Akaona kitovu, kinene, cha bluu, kimepita shingoni tena.

Mkono wa Sista Mkuu ukapanda juu. Usisukume.

Vidole akauona. Mwili mzima ulimtetemeka, mishipa imemsimama shingoni, akauzuia. Sista alihitaji mikono yake yote sasa, akaushusha. Kabla haujafika chini, muuguzi wa pili alikuwa ameuinua wake, neno lile lile. Kisha wa tatu. Redio akashangaa kukuta na yeye ameinama mbele, mikono yake mwenyewe iko hewani mbele ya uso wa wifi yake. Usisukume. Usisukume. Na mwanamke yule, ambaye kadi yake ilisema hafuati maelekezo, akayafuata kwa macho makavu yasiyopepesa, akihema haraka haraka, wakati Sista anapitisha kidole chini ya kitovu na kukivusha juu ya kichwa, polepole, kama anayemvua mtu mkufu.

Sasa.

Mtoto akatoka, akalia. Alisikia Redio, walisikia wauguzi, lilisikia benchi zima la nje likainuka kwa mkupuo. Vidole peke yake alikuwa bado anawatazama usoni, mmoja baada ya mwingine, anauliza kwa nyusi.

Hakuna aliyemjibu kwa ishara. Sista Mkuu alimlaza mtoto kifuani pa mama, akauchukua mkono wake, akauweka juu ya kile kimgongo kilicholowa. Redio akauona ule mkono unatikisika, kidogo kidogo, kwa kila kilio, na wifi yake amefumba macho, anasikiliza.