Fremu Kumi na Mbili za Ntumbi

Mradi aliofanyia kazi Atusaye mjini Sumbawanga ulitumia picha za setilaiti kujua ni wapi kwenye nyanda za Ufipa nyasi na maua ya pori bado ni ya aina nyingi, ili pasilimwe. Lakini setilaiti huona rangi tu. Ilibidi mtu aende, alaze chini fremu ya mraba ya mita moja kila upande, ahesabu aina za mimea zilizomo, kisha kompyuta ilinganishe hesabu ile na rangi za picha, ijifunze kukadiria kwingine.

Kwa miezi miwili Atusaye, mwenyeji wa Mbeya, alizunguka na Luciana, mama mjane wa kijiji kimoja cha nyanda hizo aliyejua kila mmea kwa jina lake la Kifipa. Luciana alipiga magoti kwenye kila fremu, akitenganisha mashina kwa vidole. Fremu moja waliikuta na aina thelathini na moja.

Zilibaki fremu kumi na mbili, zote za kilima cha Ntumbi, juu ya kijiji cha Luciana. Ilikuwa Machi, mvua haikatiki, pikipiki ilikuwa imekwama matopeni mara mbili, na Luciana alikuwa msibani katika kijiji cha Muze. Takwimu zilitakiwa Ijumaa. Atusaye alikumbuka kwamba akiwa barabarani aliona ng'ombe wakila kule juu, akakisia kwamba mimea imebaki ya aina chache, akaketi chumbani kwake na kuandika: sita, saba, tano, saba. Hazikupita dakika ishirini. Alijiambia atakwenda kuhakiki mvua ikipungua. Ilipungua, hakwenda.

Ramani ilitoka Juni. Penye aina nyingi za mimea palikuwa kijani, kwingine njano. Ntumbi yote ilikuwa njano. Serikali ya kijiji, iliyosumbuliwa siku nyingi na watu wasio na mashamba, ikagawa kilima. Novemba trekta likaingia.

Wiki hiyo hiyo Luciana alikuja ofisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alifungua kitenge mezani. Ndani mlikuwa na maua ya okidi yaliyong'olewa, mizizi yake ya mviringo kama viazi vidogo, udongo ukiwa bado mbichi.

"Nimeziokota nyuma ya trekta," alisema. "Aina nne. Mbili hatukuzikuta kwenye fremu hata moja. Ulipopima Ntumbi hukuziona?"

"Zilikuwa hazijachanua, mama."

Luciana alitikisa kichwa taratibu. "Mimi ningezijua kwa majani. Nilikaa Muze siku nne kwa ajili ya mvua, nikakuacha peke yako. Kosa ni langu."

 Atusaye akamsindikiza mama yule hadi mlangoni, akamtakia safari njema.

 Siku ya nne aliingia kwa mkuu wake, Jafeti, akamweleza yote akiwa amesimama. 

"Hukudanganya kuhusu kilima kimoja tu," Jafeti alisema. "Kompyuta imejifunza kwamba rangi ile maana yake ni aina chache za mimea. Kuna vilima vingine tisa vya rangi ile."

Ramani iliondolewa. Mkataba wa Atusaye haungeendelea baada ya Desemba. Jafeti alimruhusu kitu kimoja alichoomba: aende kijijini kusema mwenyewe.

Alisema mbele ya halmashauri ya kijiji, Luciana akiwa kwenye benchi la nyuma. Mwenyekiti, mzee Nestory, alimwuliza familia sita zilizokwisha panda mahindi ziambiwe nini.  Wajumbe wakakubaliana nusu ya chini iliyokwisha kulimwa ibaki kwa wenyewe, nusu ya juu isiguswe.

Nje, Atusaye alimfuata Luciana. "Mama, nisamehe."

"Ungeniambia siku ile ofisini," Luciana alisema. "Niliondoka na lawama yako mgongoni. Nimeenda nayo hata kuungama kwa padri."

Atusaye alilia. Luciana hakumbembeleza.

Kesho yake walipanda Ntumbi kupima nusu iliyobaki. Luciana alitaja mimea, Atusaye akaandika. Fremu ya kwanza ilitoa aina thelathini na nne. Luciana alisubiri aandike namba hiyo, akainama kuitazama karatasi, kisha akatangulia kwenda kwenye fremu ya pili.