Hatua Ishirini

Baba yake alimbandika jina la Mizani, kwa sababu tangu utotoni hata sukari ya chai aliisawazisha kwa kisu. Katika karakana yao ya risasi za kuwindia, baba ndiye aliyezichonga kwa shaba, na yeye ndiye aliyezijaribu. Alifyatua ndani ya pipa la maji, akaopoa, akapima, akaandika. Risasi njema hufunguka ncha ikachanua kama ua, na mnyama huanguka papo hapo. Ikikataa kuchanua hupenya kama sindano, na mnyama hubaki na uhai wake na hasira zake.

Nguruwe mwitu ndiye aliyemuua kaka yake, wiki sita zilizopita. Kaka alimpiga kutoka ng'ambo ya bonde, akamfuata kichakani akidhani kazi imekwisha. Mwenzake wa kuwinda alimmaliza nguruwe yule, akarudi na risasi ya kaka aliyoitoa kwenye mzoga. Ilikuwa nzima, utadhani haijawahi kufyatuliwa.

"Alipiga nyama ya pembeni," baba alisema siku ya tatu ya msiba, mbele ya watu. "Ingepata mahali pazuri ingechanua. Kijana wangu alikuwa na pupa."

Wifi yake, mjane wa kaka, alikuwa ameketi mkekani. Akainamisha kichwa. Tangu siku hiyo majirani walimpa pole mbili: ya kufiwa, na ya kuolewa na mzembe.

Mizani alirudi kwenye daftari lake la majaribio. Risasi zile alizipitisha yeye. Daftari lilisema kumi kwa kumi, zote zimechanua.

Asubuhi moja alisimama uani, akatazama pipa, akatazama ukuta. Akahesabu hatua. Ishirini. Miaka yote alijaribu kwa hatua hizo ishirini, kwa kuwa ua wao ulikomea hapo. Kaka yake alipiga kutoka hatua mia tatu, na risasi nayo huchoka njiani.

Akapunguza baruti, ili risasi ifike kwenye pipa kwa mwendo wa kitu kilichotoka mbali. Akafyatua, akaopoa. Nzima. Ya pili, nzima. Ya tatu ilifunguka mdomo kidogo, kama mtu aliyetaka kusema akaghairi.

Alikuwa kwenye ya saba baba alipotoka akifuta mikono.

"Leo unavua samaki gani humo?"

Mizani alimpa sahani ya bati. Baba akazigeuza moja moja, taratibu.

"Umezipunguzia baruti."

"Ndiyo, baba. Hiyo ni hatua mia tatu."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki. Unataka tufunge karakana?"

"Nataka wifi ajue mumewe alilenga vizuri." Akaiweka bunduki chini. "Na mimi ndiye niliyezipitisha. Hilo nalo nitalisema."

"Wewe ulipima nilivyokufundisha," baba alisema, na maneno hayo yakamrudia mwenyewe. Akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya ndoo. Mizani hakuwahi kumwona akikaa saa za kazi.

Alasiri walimkuta wifi akianua nguo. Mashati ya marehemu bado aliyafua. Baba hakungoja kukaribishwa.

"Mwanangu, mume wako hakukosea. Risasi ile haifai kwa mbali. Niliichonga mimi."

"Nikaipitisha mimi," alisema Mizani.

Wifi alikunja shati, mkono huu, kisha huu.

"Wiki sita nimemgombeza," alisema. "Kila nikilala. Pupa ya nini, mwanamume wewe, pupa ya nini? Nimemgombeza maiti, baba."

Baba alimsogelea hatua moja.

"Neno hilo la pupa ulilisema mbele ya watu," wifi alisema.

"Ndiyo."

"Basi."

Baba akavua kofia. Akatoka hadi barabarani, akasimama mlango wa jirani wa kwanza, akapiga hodi. Mizani alimfuata nyuma na sahani ya bati mkononi.