Unalalia Ubavu Gani?

Viongozi wote wana ugonjwa mmoja. Wakiona kitu cha mtu kimependeza, hapo hapo kinakuwa "chetu sote". Mwenyekiti wa chama cha wauzaji wa mtandaoni alikuwa nao ugonjwa huo hata kabla hajapata cheo, na fundi mito alitakiwa kulijua hilo kuliko mtu yeyote, maana mwenyekiti huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, tumbo moja, ziwa moja. Lakini msiba humpumbaza mtu, na fundi alipumbaa.

Kazi yake ilikuwa kushona mito ya sufi. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani na meza ya kukatia, cha nyuma kilijaa magunia, na vumbi jeupe la sufi lilikaa kila mahali: kwenye nyusi, kwenye pindo za pazia, juu ya chai kabla hujaipiga funda. Yeye alikata, alishona, alijaza. Kuuza ilikuwa kazi ya mkewe.

Na mama yule alikuwa hauzi mto, alikuwa anauza usingizi. Mteja akiandika kwenye simu "mto bei gani", bei hakutajiwa kwanza. Alijibiwa: "Pole na uchovu, mwanangu. Unalalia ubavu gani?" Anayelala kiubavu alishonewa mnene wa kujaza pengo la bega. Anayelala chali, wa wastani. Anayelala kifudifudi alipewa mwembamba na kukemewa juu yake, kwamba shingo ile ataitafuta uzeeni. Wateja wakambandika jina, Mama Usingizi. Wengine mto walishanunua zamani, wanaandika tu kumsalimia, naye akiwajibu wote, miguu juu ya gunia, miwani kwenye ncha ya pua.

"Mzee wangu hapa," aliwaandikia huku akisoma kwa sauti ili mzee asikie, "akilala chali anakoroma kama mashine ya kusaga. Nimemshonea mto wake wa ubavu, sasa nasikia hata saa ya ukutani."

"Watu wazima hawatangazwi hivyo," fundi angesema, amenuna uso mzima isipokuwa macho.

Kisha mama yule akafa. Asubuhi moja, kati ya cherehani na mlango, foronya mkononi. Hospitali walisema ni moyo. Fundi akauliza, moyo gani, mtu huyu hajawahi kulalamika hata kidole. Daktari akaangalia saa yake akasema wapo wagonjwa wengine.

Simu ikabaki inalia. Fundi shule aliionja tu: kusoma alisoma kwa kufuata mstari na kidole, kuandika ndiyo kabisa. Binti yake wa pekee aliishika ile simu, lakini alijibu kama karani wa dirishani. Saizi, bei, asante, karibu tena. Wateja wakayeyuka mmoja mmoja, hata pango la chumba likawa la kuombea subira.

Hapo ndipo shemeji alipokuja, shati limepigwa pasi, maneno yamepigwa pasi zaidi.

"Shemeji, dunia imekwenda. Siku hizi kuna akili bandia. Inajibu wateja usiku na mchana, haichoki, haigombi, haili."

"Haili? Basi haitoki kwenye chama chenu."

Binti alicheka. Mwenyekiti naye akacheka, kile kicheko cha mkutanoni kinachozimika chenyewe.

"Utani tuuweke kando. Kuanza ni kazi ndogo. Chama kimeshalipia, kila mwanachama anapata msaidizi wake kwenye simu. Ila ni kama mfanyakazi mgeni, haijui nyumba. Lazima uionyeshe mnavyozungumza na wateja. Mazungumzo ya dada bado yapo?"

"Yapo yote, mjomba," binti alisema.

"Basi tunailisha hayo. Itajibu kama yeye."

Fundi aliacha kujaza mto. "Kama yeye vipi?"

"Maneno yake, shemeji. Ule ukarimu wake. Mwenyewe si yeye, usiniangalie hivyo."

"Na yatabaki humu humu? Hayatoki nje ya duka hili?"

"Shemeji!" Mwenyekiti aliweka kiganja kifuani. "Yule ni dada yangu. Nitamtembeza dada yangu barabarani?"

Fundi akaitoa simu. Mwenyewe yale mazungumzo hakuyasoma. Yalikuwa mengi, kidole chake kizito, na kuyafungua kulikuwa kama kufungua kabati la nguo zake. Akawaachia waliosoma, kama tunavyowaachia siku zote.

Ilifanya kazi, huo ndio ukweli. Mteja wa kwanza kuandika alijibiwa papo hapo, binti akasoma kwa sauti: "Pole na uchovu, mwanangu. Unalalia ubavu gani?" Cherehani ikasimama. Fundi alitoka nje, akasimama ukutani kama mtu anayesubiri mvua ipite na mvua yenyewe haipo, kisha akarudi, akasema, "Haya, endelea." Oda zikarudi. Wateja wa zamani wakarudi. Ikawa jioni akimaliza kazi anamwambia binti, "Hebu nisomee leo imesema nini," na binti anamsomea, naye anasikiliza huku akichambua mbegu kwenye sufi, na hamu ya kula inamrudia polepole kama zamani.

Siku moja mchana, fundi bomba wa mtaa wa pili aliingia dukani anacheka hadi spana zinagongana mfukoni.

"Fundi, njoo uone vituko! Nimeandika kwa yule Mama Matangi wa chama chenu, nauliza tangi la maji la kuweka juu ya paa. Unajua nimejibiwa nini?"

"Nini?"

"Eti nalalia ubavu gani! Mimi! Nimemwandikia, mama, mimi nalala na mke wangu, hilo tangi litalala peke yake!"

Fundi hakucheka. "Hebu lete hiyo simu."

"Usinune bwana, soma na hapa chini. Mzee wake anakoroma kama mashine ya kusaga! Na Mama Matangi na mumewe walishaachana siku nyingi. Huyo anayekoroma humo ndani ni nani?"

Kidole cha fundi kilikuwa kinafuata mstari. Kilipita kwenye ubavu, kikapita kwenye kukoroma, masikio yakimwaka moto kana kwamba amevuliwa nguo sokoni. Kisha kikafika chini kabisa, kwenye jibu la asubuhi ile.

"Samahani kwa kuchelewa, mwanangu. Leo tena kifua kimenibana, na mkono wa kushoto umekufa ganzi. Usimwambie mzee, atasimamisha kazi. Tangi lako litafika kesho."

Alisoma. Akarudia. Fundi bomba naye akaacha kucheka, kwa sababu ya ule uso.

"Kwani Mama Matangi anaumwa?"

"Haumwi." Fundi akaminya herufi moja moja mpaka yakatimia maneno mawili: tangu lini. Akatuma.

Jibu lilikuja kabla hajavuta pumzi. "Asante kwa kuuliza, mwanangu. Tangu tulipofungua biashara, matangi yetu hayajawahi kuvuja. Unalipenda jeusi au la bluu?"

Akamrudishia mwenye simu simu yake. Binti alikuwa chumba cha nyuma akifunga mizigo ya wateja.

"Niletee simu ya mama yako. Nisomee alipowaambia watu anaumwa kifua."

Binti asingekuwa anajua, angeuliza "wapi?" au angesema "kifua gani?" Hakuuliza. Alisimama tu na kamba mkononi, na fundi akajua.

"Nilikutana nayo wakati wa kuyaingiza, baba. Mama tulikuwa tumeshamzika. Ningekuambia, ungefanya nini?"

"Ningejua."

"Kujua tu?"

"Kujua tu. Alimwambia nani mwingine?"

Binti akafungua simu, macho yakiwa chini. Wateja aliowaambia walikuwa kadhaa, watu wasiomjua sura, mmoja yuko mji wa mbali kabisa. Waliomba apone, wakauliza mto utafika lini. Kisha kulikuwa na mazungumzo ya mama na mdogo wake, wakati ule wa oda ya mito ya mabweni ya shule, ile oda kubwa ambayo mwenyekiti aliileta mwenyewe, na picha akapiga nayo. Mama aliandika kwamba anaomba oda ipumzike kidogo, kifua si kizuri, na mzee asiambiwe. Mwenyekiti akajibu, na binti alisoma kwa sauti iliyokuwa inapungua: "Jikaze dada, tumebakiza kidogo. Tukichelewesha, chama kitaaibika. Mzee hajui, na asijue."

Fundi alitaka kukasirika na mwenyekiti, na alikasirika, hasira hiyo ilikuja upesi na haikuwa na shida. Ile nyingine ndiyo ilimshinda. Kitanda kimoja, mto wa ubavu kamshonea mkewe, na maumivu yake mke huyo akampelekea mtu wa mji wa mbali. Naye fundi muda wote ule alikuwa amelala kando yake, anapumua kimya, amegeuzwa na mto huo upande wa ukuta.

Mkutano wa chama ulifanyika kwenye ukumbi ulio juu ya duka la vifaa vya ujenzi, viti vya plastiki, feni moja inayozunguka kwa hisani. Wengi waliokuwepo walikuja kwenye mazishi, walikula, walilia. Fundi hakusubiri apewe nafasi.

"Nataka maneno ya mke wangu yatoke kwenye mashine zenu. Leo."

"Shemeji, tuna utaratibu," mwenyekiti alisema.

"Usiniite shemeji. Aliyetufanya mashemeji hayupo, na wewe ulijua anakwenda."

Mwenyekiti akafuta paji la uso, kisha akafanya kile wanachofanya wote wakibanwa: akaacha kuongea na mtu, akaongea na ukumbi.

"Ndugu wanachama, uchungu wa mwenzetu ni uchungu wangu. Damu yangu ile. Lakini maneno ya dada ni mazuri mno kuyafungia ndani ya duka moja. Niliyaweka kwenye msingi wa wote, pale wasaidizi wa wanachama wote wanapochota maneno, na wote mmefaidika. Hilo ni kosa?"

"Uliniahidi hayatatoka."

"Niliona kuyaficha ni uchoyo."

"Na kifua chake ulikificha kwa sababu gani? Hicho hakikuwa uchoyo?"

"Aliniomba mwenyewe nisiseme."

"Alikuomba pia apumzike. Hilo hukulisikia."

Mwenyekiti akaichukua chupa yake ya maji, akaizungusha kifuniko, akaifunga tena bila kunywa. Fundi alidhani hapo amemshika. Hakujua kwamba watu wa vyeo hawashikiki wakinyamaza, kuna mtu siku zote atawasemea.

Aliyesimama ni Mama Matangi. "Baba, mimi nasikitika, haki ya Mungu. Marehemu alinishonea mto nikiwa na mimba, nisingelala bila yeye. Lakini tangu niwekewe hii kitu, wateja wananiita mama. Zamani waliniita 'wewe'. Ukiniondolea leo, nirudi kuwa wewe?"

Watu wakacheka kidogo, kwa aibu. Muuza viatu akapata wazo, na ndilo lililomaliza kila kitu. Kwa nini, alisema, isitolewe ile sehemu ya ugonjwa peke yake? Kwa kweli inawatisha wateja. Mmoja alimpigia kumuuliza kama viatu vina maambukizi. Yale mengine matamu yabaki.

"Hoja nzuri sana," mwenyekiti alisema, uso umerudi kwenye rangi yake. "Tuipigie kura."

"Kifua kitoke, ucheshi ubaki?" fundi aliuliza. "Hicho ndicho mnachotaka? Kitu cha kweli alichokisema ndicho mnachofuta?"

"Wanaounga mkono."

Mikono ikapanda. Fundi naye alikuwa ameshasimama kupinga, katibu akamwambia kwa upole kwamba yeye hana kura, duka la mito limeandikishwa kwa jina la binti, kwa kuwa ndiye aliyejaza zile karatasi. Fundi akageuka nyuma. Binti yake alikuwa anaangalia sakafu, na mkono wake ulikuwa juu. Si juu sana. Usawa wa sikio tu, kama mtu anayejikinga na jua.

Kesho yake fundi hakukaa kwenye cherehani. Alisukuma kiti chake mpaka kizingitini, akakaa amelipa duka mgongo, mikono magotini. Binti alikuja akasimama nyuma yake na simu.

"Baba, oda zimeingia. Nyingi."

Fundi akapangusa sufi kwenye goti.

"Baba, nilifanya vile kwa ajili yetu. Tungekula nini?"

"Mjomba wako naye anafanya kwa ajili yetu. Wote mnafanya kwa ajili yetu."

"Watu wameshalipa. Niwaambie nini?"

"Si mama yako anaongea nao? Kifua kimepona, mmemponya jana kwa kura." Alisema bila kupandisha sauti. "Mwambie ashone."

Binti akavuta makamasi polepole ili asisikike. Kisha fundi akasikia benchi la cherehani likiburutwa. Sindano ikapiga hatua chache zisizonyooka, uzi ukakatika. Ukafungwa, ukakatika tena. Fundi alijua kinachoukata, ni kibati cha juu cha kubana uzi, kilichokazwa mno, kinataka kulegezwa kidogo tu. Akaangalia mbele, barabarani, wala hakugeuka.