Mwenye Kilele Ndiye Mwenye Neno

Kuna nyumba ambazo mume na mke wakikosana hurushiana sahani, na kuna nyingine ambazo hununiana mpaka paka anafunga virago na kuhamia kwa jirani. Nyumba ya Mawimbi na Mkunga haikuwa na mambo hayo. Wao ugomvi ukishashinda midomo, waliupeleka mlimani.

Mawimbi alikuwa fundi redio. Jina alipewa na wateja, kwanza kwa sababu hapakuwa na stesheni iliyopita hewani asiweze kuikamata, na pili kwa sababu maneno yake, yakishaanza, yalikuja moja juu ya mgongo wa jingine. Aliwahi kuapa kwamba alitengeneza redio moja ikawa safi kupita kiasi, ikaanza kusoma taarifa ya habari ya kesho, na mwenyewe akairudisha akilalamika kwamba inamwondolea hamu ya kuishi. Mkewe alikuwa mkunga mstaafu wa zahanati, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Nusu ya watu aliopishana nao barabarani aliwaona kwa mara ya kwanza wakiwa uchi na wanalia, kwa hiyo hapakuwa na bwana mkubwa yeyote wa kumtisha.

Mambo ya mlima waliyaanza wakiwa wachumba. Njia ya kwenda kileleni ni duara. Pale getini, chini ya tangi la maji, inagawanyika: mkono wa kushoto inapita kwenye miamba, fupi na katili, mkono wa kulia inapita msituni, ndefu na yenye hila. Zinakuja kukutana juu kabisa, kwenye jiwe moja refu lililosimama kama mtu anayesubiri basi. Ukipanda na hii ukashuka na ile, umeuzunguka mlima mzima. Sheria yao ilikuwa nyepesi. Kila mmoja anashika upande wake, na atakayetangulia kuligusa jiwe la kileleni, neno lake limepita, mwenzake hana rufaa. Ndivyo walivyoamua jina la binti yao. Ndivyo walivyoamua nyumba ipakwe rangi gani, na ndiyo maana nyumba ilikuwa ya zambarau: siku hiyo alishinda Mawimbi.

Safari hii ugomvi ulikuwa mzito kuliko rangi. Binti yao aliishi katika mji mkubwa ulio nyuma ya mlima, na alikuwa na mimba ya mapacha. Mkunga alitaka wahamie kwake. Mawimbi hakutaka.

"Mjini nikafanye nini?" aliuliza, ameshika bisibisi kana kwamba kuna mtu anataka kumpokonya. "Hapa nina baraza yangu, nina meza yangu, watu wananiletea redio zao. Kule nitakuwa babu wa kwenye kochi. 'Babu, nyanyua miguu tupige deki.' Nitanyanyua. 'Babu, shusha.' Nitashusha. Basi, hiyo ndiyo itakuwa kazi yangu mpaka mnizike."

"Mara ya mwisho umeletewa redio lini?" Mkunga aliuliza.

"Juzi juzi tu."

"Ile ilikuwa pasi."

"Pasi ikiharibika umeme wake ni ndugu wa redio, mke wangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Walibishana wakila, wakabishana wakianika nguo. Mwishowe Mkunga alibana shuka kwenye kamba, akafuta mikono, akasema neno moja: "Mlimani."

"Kwa magoti haya?"

"Yako yamezeeka na yangu yamezeeka. Hakuna aliyeonewa."

Asubuhi yake wakafika getini wamebeba kila mmoja chupa ya maji na mfuko wa karanga. Mlinzi wa geti, mtu mwenye masharubu mapana na kiti kilichopungua mguu, aliwafahamu tangu zamani.

"Shikamooni, wazee wangu. Leo mnagombea nini?"

"Kuhama," alisema Mkunga.

"Kutohama," alisema Mawimbi.

"Mimi simo. Ila mkikwama huko juu msinipigie simu, mgongo unaniuma." Akapuliza filimbi yake, wakaachana, huyu kushoto, huyu kulia, bila kuagana, maana kuagana ni kupoteza muda.

Njia ya miamba imesimama wima. Kwa masimulizi ya Mawimbi, mbuzi wa huko hupanda wakiwa wameng'atana mikia, na mmoja akipiga chafya wanaanza upya wote. Sehemu nyingine kuna minyororo iliyopigiliwa mwambani, ukiiachia unarudi nyumbani mapema kuliko ulivyopanga. Mawimbi alipanda kwa kasi mwanzoni, kisha kwa heshima, kisha kwa kuomba radhi. Goti la kulia lilianza kulalamika. La kushoto likaliunga mkono. Upepo ulimpekua mifuko kama askari. Kila kona alisimama akauambia mlima vile anavyouona, na mlima haukumjibu, naye hilo halikumzuia kuendelea.

Njia ile inapofika katikati hugeuka na kuingia upande wa nyuma wa mlima. Mawimbi alizunguka bega la mwamba, huku ameshika mnyororo kwa mikono miwili, na mara mji mkubwa wote ukawa chini yake: mabati yanang'aa, barabara, moshi wa jikoni. Kutoka pale nyumba yake ya zambarau haikuonekana kabisa. Ilikuwa imebaki upande wa pili, upande wa mkewe. Alisimama akautazama mji ule kwa chuki aliyotoka nayo nyumbani, akajaribu kukisia binti yake anakaa wapi.

Na hapo, bila kuitwa, likamjia jambo la mjukuu wao wa kwanza. Simu ilipigwa kwamba uchungu wa binti yao umeanza. Mvua ilikuwa imekata daraja, hakuna basi wala pikipiki. Mkunga alikwenda kwenye beseni akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kwa sabuni, polepole, kama alivyonawa maisha yake yote. Kisha akaketi kwenye kigoda na kuinyanyua mikono ile juu, inachuruzika maji, akiitazama simu iliyolala mezani. Mjukuu akazaliwa ndani ya simu. Mkunga alisikia kilio, akatabasamu, akabaki na mikono yake hewani, safi, haina cha kupokea. Mawimbi siku hiyo alikuwa na maneno mengi ya kusema, na kwa mara ya kwanza maishani alishindwa kuchagua lipi litangulie.

Pale pale kwenye mnyororo akajisemea kwa sauti, "Basi, leo nashindwa."

Lakini kushindwa nako kulitaka ufundi. Mkunga hapokei cha bure. Ukimpa kikombe cha sukari, jioni anakuletea kilo. Angemwambia tu, "Haya, twende mjini," mama yule angejibu, "Sihamishwi kwa huruma," na hapo wangebaki ndani ya zambarau mpaka paa liwaangukie. Ilibidi ashindwe kihalali, kilimalima.

Akapanda sehemu iliyobaki kwa kunyata. Alipofika chini kidogo tu ya kilele, palipo na mwamba mpana, alijibanza nyuma yake, akavua kofia, akasubiri. Angesikia hatua za mkewe zikitokea upande wa pili, angesikia kofi la mkono juu ya jiwe, halafu ndipo ajitokeze akihema na kujipiga kifua: lo, nimechelewa kidogo tu!

Akasubiri. Hakuna hatua, hakuna kofi.

Jua likasogea. Mwanzoni alicheka kimoyomoyo kwamba bibi kazeeka. Kisha akaacha kucheka. Huko msituni, karibu na juu, kuna mahali njia inageuka ngazi ya mizizi, inayoteleza hata wakati wa ukame, na Mkunga kifundo cha mguu wa kushoto hakimwamini mtu. Labda kaanguka. Labda anaita na upepo unaipeleka sauti yake kwingine. Mawimbi alitaka kukimbia akamtafute, akakumbuka kwamba kwenda huko lazima apite kileleni, na njia pale ni nyembamba mno, hupiti bila kulishika lile jiwe. Akilishika, ameshinda. Akishinda, hawahami. Asipokwenda, na mkewe amelala kwenye mizizi...

Mawazo yakamjaa kichwani, na yeye mambo yakimzidi huongea.

"Ee Mungu," alisema, uso juu ya mwamba, "mimi sikusumbui sana. Mlete. Mlete tu alishike jiwe lake. Mke wangu, kama unanisikia huko uliko, simama, jikongoje, njoo. Nitahama. Nitahamia hata kwenye kabati la binti yako. Nitakaa kwenye kochi ninyanyue miguu nipigiwe deki, na sitanuna. Nyumba nitaipaka nyeupe kabla ya kuondoka, kama ulivyotaka wewe. Sitafungua redio tena juu ya meza ya chakula. Sitakatiza watu maneno. Nitakunywa dawa za presha bila kufukuzwa uani. Njoo tu."

Sauti ikashuka kutoka juu:

"Na kukoroma je?"

Mawimbi aliinua uso. Hakushangaa kwamba Mungu amejibu. Alishangaa kwamba Mungu ana sauti ya mkewe.

"Kukoroma si hiari yangu," alijitetea.

Pale juu ukingoni kikatokea kichwa cha Mkunga, shavu moja limejaa karanga.

"We mwanamke! Umefika saa ngapi?"

"Kabla yako. Nimekuona unakuja umeinama kama mwizi wa kuku, ukajibanza hapo."

"Na ukanyamaza!"

"Nilidhani unapumzika. Mara nikaona unavua kofia isionekane. Nikasema, ehe."

"Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu."

"Viatu vyako havina kamba, mume wangu."

Mawimbi akavitazama viatu vyake. Kweli. "Sasa mimi nakaribia kufa kwa hofu hapa chini, wewe unatafuna karanga?"

"Ulikuwa unaongea vizuri," alisema Mkunga. "Miaka yote nakuomba unyamaze, leo ndiyo mara ya kwanza nimeomba usinyamaze. Lete mkono."

Akanyoosha mkono, ule ule uliovuta nusu ya mji kuuleta duniani, akamvuta na yeye.

Kileleni upepo ulikuwa umetulia. Ukitazama mbele unaona mji mkubwa hadi kingo zake. Ukigeuka unaona mji wao mdogo, na katikati yake kitone cha zambarau ambacho hakuna namna ya kukikosa. Waliketi wakiegemea jiwe.

"Tuelewane," Mkunga alisema. "Hukuniachia. Nilikushinda. Hata ungekimbia kama swala ungenikuta nimeshaketi, maana mimi huko msituni sikuwa na mtu wa kupiga naye soga, nilitembea tu. Usije ukanidai hisani."

"Sidai."

"Lakini kwa nini ulitaka kuniachia?"

Mawimbi alichukua karanga kwenye mfuko wa mkewe, wake ulikuwa umekwisha kwenye minyororo. "Siku ile ulinawa mikono," alisema.

Mkunga hakuuliza siku ipi. Aliitazama mikono yake kwa muda, akaifuta kwenye sketi ingawa ilikuwa safi, kisha akapenga kamasi kwa kishindo ili ionekane ni mafua.

"Haya, neno langu," alisema. "Tunahama. Gari likija, meza yako ndiyo itapanda kwanza. Redio zote, hata marehemu. Magodoro yatafuata. Kwa binti yako kuna dirisha la mbele linalotazama barabara, nimeshamwambia pale asiweke kitu, si kochi, si maua. Pale atakaa fundi."

"Umemwambia lini?"

"Kabla hatujaja."

"Na hukuniambia! Ungeniambia, tungeokoa magoti manne."

"Ungesema nakuhonga."

Mawimbi akaona kweli angesema hivyo hivyo. Akamwekea kofia yake mkewe kichwani kwa sababu jua lilikuwa limeanza kumpiga usoni, na ikamkaa upande, naye hakuivua.

Likabaki suala la kushukia wapi. Mawimbi alisema minyororo, Mkunga akasema mizizi, na kwa kuwa hapakuwa na mlima mwingine wa kupanda ili waamue, walishuka na mizizi, pamoja, yeye mbele kwa ajili ya kile kifundo na mkewe nyuma akimshika bega.

"Watu wataniuliza kwa nini nimeshindwa na bibi kizee," Mawimbi alianza, wakiwa katikati ya ngazi. "Itabidi kuwe na chui."

"Chui gani? Mlima huu hauna hata paka."

"Alilala njiani kabisa, pale kwenye mnyororo. Mkubwa kama kabati. Nikabaki namtazama ananitazama."

"Kabati hapana."

"Basi kama stuli."

Mkunga alitafuta pa kukanyaga, akapapasa, akakanyaga. "Stuli sawa. Na asiongee."

"Hata neno moja?"

"Nimeshinda mimi. Chui haongei."

Walitokea getini jua limeshainama. Mlinzi aliwaona wanakuja kwa njia moja, wameshikana, mama amevaa kofia ya baba, akainuka kutoka kwenye kiti chake kilichopungua mguu, nusura kimwangushe.

"Makubwa! Nani kashinda?"

"Mimi," alisema Mkunga.

"Ni kweli, kashinda," Mawimbi alikubali, akivuta pumzi ya kutosha masimulizi marefu. "Lakini, mwanangu, hujaniuliza habari za chui."

Mlinzi alimgeukia Mkunga, kwa kuwa mji mzima ulijua ni yupi kati ya wale wawili wa kuuliza ukitaka ukweli. Mkunga alirekebisha kofia.

"Alikuwepo," alisema. "Ila alikuwa mdogo."